Bampa Halina Alama: Uripoti au Mmalizane Hapo Hapo?

Swali huja hivi: gari la nyuma limenigusa kwenye foleni ya Free Area, tumeshuka, tumeangalia, hakuna hata mkwaruzo, tumepeana mikono tukaondoka. Kuna haja ya kuripoti? Jibu ambalo watu wa Nakuru hupeana ni "achana nayo", na mara nyingi halimletei mtu shida yoyote. Lakini likikosea hukosea vibaya, na bampa silo chanzo. Chanzo ni mtu aliyekuwa ndani ya gari, au juu ya pikipiki, ambaye hakuna aliyemuuliza jina wala hali.

Sisi tunaofungua mabampa na kujaza fomu za bima hatuanzi na alama. Tunauliza kwanza ni nani walikuwepo, halafu kama majina yaliandikwa, kisha ndipo tunaligeukia gari. Gari tutalipa nafasi yake, maana nalo linadanganya, lakini lisubiri zamu.

Sheria inasema nini hasa

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 73, inamtaka dereva asimame iwapo ajali imetokea na mtu akafa au kuumia, au gari lingine, jengo, au mnyama aliye chini ya uangalizi wa mtu akapata madhara. Akiulizwa na mtu mwenye sababu ya kuuliza, atoe jina na anwani yake, jina na anwani ya mwenye gari, na namba ya gari. Asipotoa maelezo hayo, kwa sababu yoyote ile, lazima aripoti katika kituo cha polisi au kwa askari haraka iwezekanavyo, na saa 24 zisipite.

Hapo pasome polepole. Zile saa 24 zinambana hasa yule ambaye hakuacha jina. Madereva wawili walioshuka, wakaandikiana kila kitu, na hakuna aliyeumia, hawajavunja kifungu hicho kwa kutofika kituoni. Yule aliyekuwa akirudi nyuma kwenye maegesho ya Kenyatta Avenue akagusa gari ambalo mwenyewe yuko benki, akatazama huku na huku kisha akaondoka, huyo asijifariji kwamba hakuona mkwaruzo. Mwenye gari atarudi, atainama, ataona ambacho wewe hukukiona, na mlinzi wa mlangoni atakuwa ameshaandika namba yako kwenye kiganja. Acha karatasi yenye jina na simu chini ya waipa, ipige picha ikiwa pale pale, subiri kidogo, kisha upitie kituoni. Usitegemee karatasi peke yake. Upepo wa Januari au kijana anayepangusa vioo anaweza kuiondoa kabla mwenye gari hajafika.

Mbuzi na punda wa barabara ya Njoro wamo katika kifungu hicho pia, mradi kuna mchungaji. Wamo na vibanda, malango na nguzo. Reli za kando ya barabara kuu ni mali ya mamlaka ya barabara, na anayezikunja huzilipia.

Watu kabla ya bampa

Gari likigongwa kwa nyuma, hata kwa mwendo wa foleni, kiti kinakusukuma mbele ilhali kichwa kinabaki nyuma kidogo, kisha kinarushwa mbele. Misuli na kano za shingo zinavutika. Mwili ukiwa bado na mshtuko, mtu hasikii kitu. Ukakamavu huanza saa kadhaa baadaye, na wengi huusikia asubuhi inayofuata wanapogeuza shingo kitandani. Ndiyo maana "niko sawa, boss" ya saa mbili asubuhi si cheti cha daktari. Aliyeitamka huenda alisema kweli kabisa wakati ule.

Mtu huyo ana muda. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, madai ya fidia kwa madhara ya ajali yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3. Miaka mitatu ni mirefu. Simu uliyopigia picha imeshapotea, shahidi amehamia Eldoret, na wewe unakumbuka tu kwamba "ilikuwa kitu kidogo". Mwenzako atakuja na tarehe, saa, mahali, karatasi za hospitali na namba ya gari lako. Ukiwa huna chochote cha kuweka mezani, maelezo yake ndiyo yatakayosimama.

Kuna jambo jingine ambalo wenye magari wengi wameligeuza kichwa chini. Bima ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, ile ya Sura ya 405, imewekwa kwa ajili ya kifo na majeraha ya watu wengine. Bampa la jirani halimo katika sharti hilo la lazima. Kama sera yako, yaani mkataba wako wa bima, inalipia mali ya mtu mwingine, ni kwa sababu kampuni imeliandika hilo kwenye sera, tena kwa kiwango ilichokiweka. Ukiwaza "hakuna alama, kwa hivyo bima haihusiki", umeisahau kazi yenyewe ambayo bima hiyo ilianzishiwa.

Kwa sababu hiyo, yako makundi ambayo hatuyafanyii mjadala. Ukigusa mtu anayetembea, mtoto, mwendesha baiskeli, bodaboda au abiria wake, ripoti polisi siku hiyo hiyo, hata kama amejipangusa vumbi akacheka. Mtoto usimsikilize kabisa anaposema haumwi. Anachoogopa ni kuchapwa nyumbani. Mtafute mzazi au mwalimu, na umpeleke mtoto hospitali mkiwa na mtu mzima anayemfahamu. Hifadhi risiti na karatasi za matibabu, au angalau picha zake. Wengine huogopa kwamba kumpeleka mtu hospitali ni kukiri kosa. Si kukiri kosa. Kinachokuharibia ni maneno yanayoongezwa pale mapokezi, "ni mimi nimemgonga, andikeni nitalipa yote".

Kwa bodaboda kuna hatari ya aina yake, na kila dereva wa magharibi ya Kenya anaijua, kuanzia Kondele hadi Salgaa: dakika tatu, pikipiki ishirini. Kundi likiwa tulivu, shuka, zungumza na mwenye pikipiki mwenyewe, na umtafute mzee wa stendi awe shahidi. Kundi likianza kupiga boneti, funga milango, nenda moja kwa moja hadi kituo cha polisi kilicho karibu, useme mara tu ufikapo ni kwa nini hukusimama. Kwenda kituoni na kukimbilia nyumbani ni vitu viwili tofauti, na kinachovitofautisha ni saa iliyoandikwa kwenye kitabu cha matukio.

Matatu nazo. Umegusa matatu ya abiria 14 kwa nyuma, makanga ameruka nje, ameangalia, amesema "songa, mzee". Kabla hujasonga, hesabu watu. Mwombe makanga kwa heshima akuambie amebeba wangapi, uandike idadi hiyo mbele yake. Fanya hivyo kwa gari lolote lingine pia: wangapi walikuwa ndani, wameketi wapi. Hakuna maelezo ambayo watu husahau kuyaandika kama haya, na hayo ndiyo mpelelezi wa kampuni ya bima anauliza kwanza, kwa sababu abiria ambao hawakuwapo siku ya ajali wana tabia ya kuongezeka siku ya madai.

Dakika kumi za kwanza

Washa hazadi. Weka pembetatu zako nyuma ya gari ikiwa mko mahali ambapo magari yanakuja kasi. Kwenye barabara kuu ya kutoka Mau Summit, malori yanayoteremka hayawezi kusimama ghafla. Kama kuna aliyeumia, magari yasisogezwe kabla askari hajafika, isipokuwa kwa kumwokoa mtu au kuzuia hatari. Kama hakuna, dakika mbili za picha zinatosha, kisha yaondolewe njiani. Kufunga barabara asubuhi ni kuanzisha ugomvi wa pili.

Picha zenyewe zina mpangilio. Anza mbali, hatua kama kumi, kutoka pembe zote nne, na kila picha iwe na kitu kisichohama: duka, nguzo ya stima, kibao cha barabara. Halafu karibu: namba za magari yote mawili, urefu wa bampa kwa bampa, magurudumu yameelekea wapi, breki zimeacha alama au la. Halafu dashibodi yako, kwa ajili ya taa zozote za onyo na kilomita.

Sasa vumbi. Magari yetu yana vumbi karibu mwaka mzima, na vumbi ni ushahidi mzuri usiodumu. Palipoguswa, vumbi huwa limefutika au limeburutwa kuelekea upande mmoja, na hiyo inaonyesha nani alimgusa nani kwa pembe gani. Piga picha kabla ya kupangusa. Kisha pangusa kwa kitambaa chenye maji, piga tena. Tazama hasa vidoa viwili vidogo vya mviringo: hivyo ni vichwa vya skrubu za kibao cha namba cha gari la nyuma, na ndiyo alama inayopatikana mara nyingi kwenye bampa ambalo "halina kitu". Rangi ya gari lingine ikiwa imebaki juu, usiisugue. Mkwaruzo wa zamani utautambua kwa uchafu uliojaa ndani yake, au kutu kama ni bati. Ipige picha mikwaruzo ya zamani ya magari yote mawili, ili isije ikafufuka wiki ijayo ikiwa mipya.

Na hii wengi huiruka: piga picha ya mahali ambapo hapana alama. Watu hupiga picha ya uharibifu, wasipouona hurudisha simu mfukoni. Bampa safi la mwenzako, lililopigwa picha dakika ile, mwanga ukiwa mzuri, ndilo litakalokutetea akija mwezi ujao na bampa lililopasuka.

Majina: jina kamili, namba ya kitambulisho, simu, leseni, namba ya gari, kampuni ya bima na namba ya sera. Piga ile simu mkiwa pamoja, usikie ikiita mfukoni mwake. Kama anasema gari ni la shemeji, andika jina na simu ya shemeji. Umiliki unaweza kuhakikishwa baadaye kwa namba ya gari kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa kulipia ada ya nakala ya rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Gari linaloficha ugonjwa

Bampa la gari la kisasa ni ngozi ya plastiki inayokunjika na kurudi. Inaweza kusukumwa ndani sentimita kadhaa, ikagonga vilivyo nyuma yake, kisha ikajirudishia umbo lake bila hata rangi kupasuka. Nyuma ya ngozi hiyo kuna kipande cha sponji ngumu, nyuma yake chuma cha kuvuka kutoka upande hadi upande, na chuma hicho kimefungwa kwenye ncha za chesisi. Sponji ikivunjika haionekani kwa nje, lakini mara ya pili ukigongwa mahali pale pale hakuna cha kumeza pigo.

Gari lenye ngoe ya kuvutia trela ni baya zaidi kwa udanganyifu. Ngoe inapokea pigo lote na kulipeleka kwenye chesisi moja kwa moja. Bampa halikuguswa kabisa. Wenye pikapu hujivunia kwamba gari lao "halikusikia", na huenda sakafu ya nyuma imekunjamana chini ya zulia.

Kagua jioni hiyo hiyo, mahali tambarare, mchana ukiwa haujaisha. Simama mita tano nyuma, uone kama bampa limelala upande mmoja. Pima mapengo kati ya bampa na bodi, na kati ya mlango wa buti na taa, kushoto na kulia. Kadi tano za benki zikishikwa pamoja zina unene wa karibu milimita 4. Zikipita upande mmoja na kukataa upande wa pili, kuna kilichosogea. Sukuma pembe za bampa kwa kiganja. Likibonyea au kulia, klipu zimekatika. Klipu ni vitu vya bei ndogo, lakini bampa lisilo na klipu litaachia siku moja ukiwa kwenye mteremko wa Sachangwan.

Fungua buti, toa zulia, toa gurudumu la akiba. Hapo ndipo ukweli hukaa. Tafuta mawimbi kwenye bati, rangi iliyopasuka kama nyuzi, na ile gundi ya mishono ikiwa imeachana. Gundi ikiachana, mvua ya Aprili itaingia na utaona maji yamesimama pale mwezi mmoja baadaye bila kujua yametoka wapi. Funga buti mara tatu na usikilize: likihitaji nguvu kuliko zamani, kitasa au fremu imesogea. Chungulia chini uone kama silensa imeinama au mpira wake wa kuning'inia umechomoka.

Aliyegonga kwa mbele ana kazi zaidi. Nyuma ya bampa la mbele kuna kondensa ya kiyoyozi, kisha rejeta, na kwenye magari mengi madogo nafasi kati ya vitu hivi inapimwa kwa vidole. Kibano kilichopinda kidogo kinaanza kusugua bomba la kondensa kwa mtetemo wa barabara, na gesi inaisha polepole; utaona doa la mafuta lililoshika vumbi. Kwa rejeta, injini ikiwa baridi, weka alama ya kalamu kwenye chupa ya maji kwa usawa uliopo. Angalia asubuhi ya pili, tena baada ya wiki. Yakishuka, usiongeze maji tu ukanyamaza. Angalia pia kama boneti linakamata ngoe zote mbili: inua kwa mkono baada ya kufunga, lisicheze. Usiku, simama mita tano kutoka ukutani uone kama taa moja inatazama juu kuliko nyingine.

Magari yanayoletwa kutoka Japani siku hizi huja na vitu ambavyo fundi wa kando ya barabara hawezi kuviona kwa macho: sensa za kuegeshea ndani ya bampa, rada ya breki nyuma ya nembo au chini ya grili. Rada ikipinda kidogo tu, gari linaweza kujifungia breki pasipo na kitu, au likanyamaza panapo kitu. Taa ya onyo isiyokuwepo jana ni sababu tosha ya kupeleka gari lisomwe kwa kompyuta, hata kama bampa linang'aa.

Fundi akifungua bampa, mwambie apige picha kila hatua kabla ya kugusa kitu, na aandike alichokiona kwenye karatasi yenye mhuri wa gereji na tarehe. Kukagua tu hakuchukui muda mrefu kwa fundi wa bodi anayejua kazi. Lifunguliwe ndani ya siku mbili tatu. Likifunguliwa baada ya mwezi, mwenzako ana haki ya kuuliza limegongwa na nani katikati.

"Tumalizane"

Kumalizana kwenyewe hatukupingi. Mguso mdogo kati ya watu wazima wawili wenye akili, hakuna aliyeumia, ni bora uishie hapo kuliko kushinda kituoni. Tatizo ni kumalizana kwa mdomo, au kutuma elfu tatu kwa M-Pesa na kudhani ule ujumbe umeandika habari. Ujumbe unaonyesha kwamba fedha zilitoka kwako kwenda kwake. Hausemi ni za nini, wala kwamba ni za mwisho. Mtu anaweza kuusoma kama malipo ya kwanza.

Karatasi ya mistari michache inatosha, nakala mbili:

"Mimi (jina, kitambulisho, simu), dereva wa gari (namba), na (jina, kitambulisho, simu), dereva wa gari (namba), magari yetu yaligusana tarehe ___ saa ___ mahali ___. Ndani ya gari la kwanza walikuwa watu ___, la pili watu ___. Hakuna aliyesema ameumia. Madhara yaliyoonekana kwa nje: hakuna. Gari (namba) litafunguliwa bampa katika gereji ya ___ kabla ya tarehe ___. Gharama ikipatikana, (jina) atailipa gereji moja kwa moja, isiyozidi shilingi ___. Malipo hayo yatamaliza madai yote kuhusu magari haya mawili. Sahihi, sahihi, shahidi."

Neno "kosa" halimo, na limeachwa makusudi. Sera nyingi za bima zina sharti kwamba usikiri kosa wala kuahidi kulipa bila kampuni kukubali. Ukiandika "mimi ndiye mwenye makosa" umeipa kampuni mlango wa kutokea. Kwa sharti hilo hilo, mpigie wakala wako kabla ya kutia sahihi, siyo baada. Karatasi imetaja magari tu kwa sababu dereva hana mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya shingo ya abiria wake. Kikomo cha shilingi kipo kwa sababu gereji ya mwenzako inaweza kugundua mlango, taa na tairi pia. Na kumlipa fundi moja kwa moja, kwa namba ya biashara yake, kunakupa risiti yenye namba ya gari. Ujue pia kwamba ahadi iliyoandikwa ni mkataba, na dai la mkataba lina miaka 6. Usiahidi usichoweza.

Akikataa kuandika, hilo lenyewe ni jibu. Nenda kituoni.

Bima na kituo

Watu huogopa kuiambia kampuni kwa sababu wanadhani kusema ni kudai. Unaweza kuarifu bila kudai. Barua pepe fupi kwa kampuni, nakala kwa wakala: tarehe, saa, mahali, namba za magari, idadi ya watu, hakuna majeruhi aliyejitokeza, hakuna dai kwa sasa, picha zimeambatishwa, "naarifu kwa kumbukumbu". Hakikisha umepata jibu la kupokea. Sharti la kuarifu mapema limo karibu katika kila sera, na kulivunja ndiko kunakoipa kampuni sababu ya kukuacha peke yako dai la mwili likija.

Kudai ni hesabu nyingine. Mwenye bima ya komprehensivu, ile inayolipia na gari lako mwenyewe, hubeba sehemu ya kwanza ya hasara, ekisesi, ambayo huwekwa kwa asilimia ya thamani ya gari pamoja na kiwango cha chini. Tuseme gari lina thamani ya shilingi 900,000 na ekisesi ni asilimia 2.5: hiyo ni 22,500. Bampa kufunguliwa, klipu na sponji ikiwa 9,000, kampuni haitalipa senti, na wewe utakuwa na dai kwenye faili yako wakati wa kuhuisha sera. Lipa mwenyewe. Sakafu ya buti ikiwa imekunjamana, hesabu inageuka. Hapo usiguse kitu mpaka mkadiriaji wa kampuni alione gari.

Kituoni, beba leseni, kitambulisho, cheti cha bima na picha. Sema hivi: "Afande, magari yaligusana, hakuna aliyeumia, naomba iandikwe." Huenda ukaambiwa mkubaliane wenyewe, nako ni sawa, lakini usiondoke bila namba ya OB, yaani namba ya tukio na tarehe yake. Ipige picha. Abstrakti, yaani hati ya polisi inayothibitisha kwamba ajali iliripotiwa, inaweza kuombwa baadaye kwa ofisi ya trafiki ikihitajika, na kampuni itaihitaji ukidai. Eleza ulichokiona, nani alikosea, waachie wao. Tusifiche upande wa pili: gari linaweza kuzuiwa likaguliwe, na dereva anaweza kushtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu chini ya kifungu cha 49. Kwa mguso wa foleni usio na majeruhi hilo si la kawaida, lakini lipo, na ndilo linalowafanya watu wachague "achana nayo".

Gari likiwa si lako, uamuzi si wako. La kampuni, la kukodi, la sacco, la teksi ya programu: mwambie mwenyewe kabla jua halijatua. Mkataba karibu daima unadai hivyo, na alama atakayoigundua mwenyewe itakatwa kwenye amana yako.

Na siku barua ya wakili ikifika, ikisema mteja wake aliumia mgongo katika ajali unayoikumbuka kwa shida, usimpigie huyo wakili, wala usimtafute mteja wake kumuuliza. Ichukue barua pamoja na bahasha, andika juu yake tarehe uliyoipokea, ambatisha picha, namba ya OB na ile barua pepe ya kumbukumbu, upeleke ofisi ya bima siku hiyo hiyo. Beba nakala ya pili, igongwe mhuri wa kupokelewa.